Baiskeli ya Mtaliano

Mtu akitaja historia, wengi hukumbuka vitabu, barua, na hati zilizofungiwa kabatini. Fikira hiyo si mbaya, lakini ni fupi. Vyombo vya kazi navyo ni hati, na msomaji wake ni yule aliye tayari kuchafua vidole. Nataka kueleza habari za chombo kimoja cha namna hii, baiskeli ya chuma iliyoko Matai, wilaya ya Kalambo, juu ya uwanda wa Ufipa. Na jinsi ilivyotufundisha tofauti iliyopo baina ya kukitengeneza kitu cha kale na kukighushi.

Baiskeli hiyo ni mali ya mzee mmoja wa ukoo wetu, ambaye kwangu mimi ni babu. Kwa miaka mingi ilitundikwa ghalani, juu ya magunia ya mahindi. Rangi yake ilikuwa imebabuka. Nembo ya mbele imeng'oka, yakabaki matundu mawili tu. Na usukani wake ulipinda kuelekea chini kama pembe za kondoo, kwa mfano wa baiskeli za mashindano. Nyumbani haikuwa na jina jingine ila "ya Mtaliano." Jina hilo halikumsumbua mtu mpaka alipotokea mnunuzi kutoka Sumbawanga. Alisema kwamba baiskeli za kale za Italia zinatafutwa sana Ulaya, na kwamba atatoa fedha nyingi ikiwa hii itapakwa rangi mpya, ile ya samawati iliyochanganyika na kijani ambayo ni alama ya Bianchi, na kuthibitishwa na mtu aliyesoma. Mjukuu wa mzee, kijana fundi wa baiskeli, alikuwa na ada ya dada yake ya kulipa chuoni. Mtu aliyesoma nilikuwa mimi.

Mnunuzi hakukosea juu ya sifa za Italia. Edoardo Bianchi alianza kazi yake Milano mwaka 1885, na jina lake lilienea duniani pamoja na jina la Fausto Coppi, aliyeshinda mashindano ya kuizunguka Ufaransa mwaka 1949 na tena mwaka 1952. Katika mji huo huo yalitengenezwa mabomba ya chuma chepesi ya Columbus. Na huko Vicenza, tangu mwaka 1933, Tullio Campagnolo alitengeneza vitovu vya magurudumu na vyombo vya kuhamisha mnyororo ambavyo mafundi wa kila nchi walivitamani. Wala baiskeli za Italia si ngeni Afrika Mashariki. Wataliano walitawala Eritrea tangu mwaka 1890 mpaka 1941, na mashindano ya kuizunguka nchi hiyo kwa baiskeli yalifanywa mara ya kwanza mwaka 1946. Kwa hiyo madai ya jamaa zetu hayakuwa ya kuchekwa. Yalikuwa ni ya kuchunguzwa.

Tulianza kwa yale yanayoonekana. Usukani haukutupa neno la kutegemea, kwa kuwa usukani hubadilishwa kwa spana moja na kwa muda wa kuvuta sigara. Chapa yoyote ya Campagnolo hatukuiona, lakini kutokuwapo kwake si ushahidi, maana vyombo vya thamani ndivyo vinavyotangulia kuuzwa. Kitovu cha gurudumu la nyuma kilikuwa cha Sturmey-Archer wa Nottingham, chenye gia tatu ndani yake, na juu ya ganda lake ilipigwa tarakimu 57. Kiwanda hicho kilikuwa na desturi ya kupiga chapa ya mwaka juu ya vitovu vyake. Basi tulijua kwamba kitovu kile ni cha mwaka 1957. Lakini gurudumu nalo huhama kutoka baiskeli moja hadi nyingine, kama mgeni anavyohama nyumba, na umri wa mgeni si umri wa nyumba.

Ilitubidi kuiuliza fremu yenyewe. Mahali panapopita ekseli ya pedali pana bomba fupi la kulala, na hapo kila nchi iliweka sheria yake. Kwa kipimo cha Kiitalia, bomba hilo lina upana wa milimita 70. Kwa kipimo cha kawaida cha Kiingereza, milimita 68. Kijana alipima kwa rula ya shule akasoma 70, au kuzidi kidogo. Uso wake ulichangamka, na nakiri kwamba hata moyo wangu ulianza kuandika cheti.

Baada ya hapo alitaka kufungua kikombe cha upande wa mnyororo ili kubadilisha gololi. Hesi ya Kiitalia hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume cha mwendo wa saa, pande zote mbili. Akavuta kinyume cha saa, kikombe kisitikisike. Tukatia mafuta, tukangoja mpaka kesho yake. Akaongeza urefu wa spana kwa bomba la maji, akavuta tena, kikombe kikakaza zaidi. Ndipo nilipomwambia ageuze upande, afuate mwendo wa saa. Kikombe kililia mara moja, kikalegea. Hesi ile ilikuwa ya kushoto, na hesi ya kushoto upande wa mnyororo si desturi ya Italia. Ni desturi ya Uingereza.

Tulipima upya bomba lile kwa kipimo cha fundi, tukapata milimita 71. Tulihesabu mifereji ya hesi katika nusu inchi: kumi na mitatu, yaani 26 katika inchi moja, ambapo kipimo cha kawaida cha Kiingereza na cha Kiitalia ni 24. Mifereji 26 pamoja na upana wa milimita 71 ni sheria ya nyumba moja tu, kiwanda cha Raleigh cha Nottingham. Nguzo ya kiti nayo ilikuwa na unene wa milimita 25.4, ambayo ni inchi moja kamili; fremu nyepesi za mashindano za Italia aghalabu hupokea nguzo ya milimita 27.2, kwa sababu kuta za mabomba yake ni nyembamba. Hatukuweza kusema ni nembo gani iliyokaa juu ya matundu yale mawili, maana kiwanda hicho kilitengeneza pia baiskeli zilizouzwa kwa majina ya Humber na Rudge. Lakini mahali pa kuzaliwa palikuwa pamejulikana.

Kijana alinyamaza. Kisha akasema, "Rangi itafunika yote, kaka. Nani atafungua kikombe?"

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Rangi haifuniki chuma peke yake. Aliyepaka rangi ya Bianchi juu ya fremu ya Nottingham ameandika hati ya uongo, na mtu atakayeisoma baada ya miaka hamsini hatakuwa na babu wa kumwuliza. Sisi wa Ufipa tungepaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Uwanda huu ulifua chuma chake wenyewe katika malungu, tanuri ndefu za udongo zilizovuta upepo bila mivukuto, kabla ya majembe ya madukani kuiua kazi hiyo. Leo wachunguzi huzitambua tanuri hizo kwa mabaki ya kuta na kwa mavi ya chuma yaliyotapakaa kando yake. Kama mtu angaliyasafisha mabaki hayo na kuyapamba ili yapendeze, tungalikuwa na mapambo, wala tusingalikuwa na historia.

Tulikwenda kwa mzee kumpa habari. Nilimwambia, "Babu, baiskeli yako si ya Italia. Ni ya Uingereza." Nilitazamia huzuni. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mjukuu wangu," akasema, "nani alikwambia kwamba ilitoka Italia? Niliinunua kwa Mtaliano, fundi wa majengo, aliyekuwa anashuka Kasanga kupanda meli. Mtaliano alikuwa mtu."

Basi jina la nyumbani halikuwa uongo hata kidogo. Sisi ndio tuliolisoma vibaya. Jina la kitu mara nyingi hutunza mkono uliokileta kuliko mahali kilipotengenezwa. Watu wa pwani walikiita merikani kitambaa kilicholetwa na merikebu za Marekani katika karne ya 19, na jina lilidumu hata vitambaa vya mfano huo vilipokuja kutoka viwanda vya nchi nyingine. Mwanahistoria anayelidharau jina amepoteza nusu ya habari. Na anayeliamini jina bila kufungua kikombe amepoteza nusu ya pili.

Mnunuzi aliposikia ukweli alipunguza bei mpaka ikawa haifai kujibiwa. Ada ilipatikana kwa magunia ya mahindi na kwa mchango wa jamaa, nami nikiwa mmoja wao, kama ilivyonipasa. Baiskeli tuliitengeneza: gololi mpya, grisi mpya, mnyororo na tairi mpya, kutu ilisuguliwa kwa kitambaa na mafuta, na rangi ya zamani iliachwa palepale ilipobaki. Kila kilichotolewa kilitiwa katika mfuko na kuandikwa. Matundu mawili ya nembo hatukuyaziba. Kijana huiendesha mwenyewe sokoni siku za Jumamosi, na watu wa Matai wakimwuliza ni baiskeli gani, hujibu maneno mawili yaliyo kweli yote mawili: ni ya Mwingereza kwa kuzaliwa, na ya Mtaliano kwa njia.