Mlinzi Aliyechelewa: Safari ya Leseni ya Nyuklia Kutoka Masinga Hadi Uyombo

Katikati ya mwaka 2009, maji ya Bwawa la Masinga yalipungua kiasi cha kuilazimu kampuni ya KenGen kuizima mitambo yake. Kwa hesabu ya umeme pekee, hasara ilionekana ndogo, kwa kuwa Masinga hufua megawati 40 tu. Lakini bwawa hilo, linalopakana na Machakos kusini na Embu kaskazini, ndilo ghala la Mto Tana. Lilipokamilika mwaka 1981 lilikuwa na nafasi ya mita za ujazo bilioni 1.5 na ushei, na maji yake ndiyo hutiririka kwenda Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Ghala likikauka, mabwawa yote matano, yenye uwezo wa karibu megawati 600, huanza kusuasua. Agosti ya mwaka huo Wakenya wakarudi kwenye mgao wa stima, kama ule waliokuwa wameuonja katika ukame wa 1999 na 2000.

Wazo la Kenya kufua umeme wa nyuklia lilipata nguvu katika kiangazi hicho. Aprili 2010 Baraza la Kitaifa la Uchumi na Jamii lilipendekeza nchi ianze safari ya nyuklia. Novemba mwaka huohuo Wizara ya Kawi ikaunda Kamati ya Mradi wa Umeme wa Nyuklia, mwenyekiti wake akiwa Ochilo Ayacko, aliyewahi kuwa waziri wa kawi. Kamati ilikuwa na miezi minne tu tangu iundwe wakati tetemeko la ardhi na tsunami vilipokipiga kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, Machi 11, 2011.

Kamati hiyo ilikuwa na kazi ya kuutafuta na kuuandaa mradi. Aliyepaswa kuukagua, kuuhoji na ikibidi kuukataa alikuwa bado hajaundwa. Kati ya mtafutaji na mkaguzi wake kulipita takriban miaka 10.

Sheria ya chumba cha eksirei

Si kwamba Kenya haikuwa na sheria. Ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) mwaka 1965, na mwaka 1982 Bunge likapitisha Sheria ya Kinga dhidi ya Mionzi. Sheria hiyo ilizaa Bodi ya Kinga dhidi ya Mionzi chini ya Wizara ya Afya. Kuwekwa kwenye wizara hiyo kunaeleza mengi: mionzi ilionekana kuwa suala la hospitali.

Udhibiti wa namna hiyo si kitu kigeni Machakos. Mashine ya eksirei hospitalini huhitaji leseni. Kuta za chumba chake sharti ziwe na unene au risasi ya kutosha kuuzuia mwale usimfikie anayesubiri zamu nje. Mhudumu huvaa beji ya kupima mionzi kifuani, na kila baada ya muda beji hiyo hupelekwa maabara kusomwa. Kwa vipimo vya kimataifa, mfanyakazi hapaswi kuzidi wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na mwananchi wa kawaida milisiveti 1. Viwandani nako mionzi ipo. Viwanda vya saruji, mfano wa vile vilivyojaa Mavoko, Machakos, vinaweza kutumia vipimo vyenye chembe za mionzi kujua mzigo ulivyojaa ndani ya tangi bila kulifungua, na wajenzi wa barabara wana kifaa kama hicho cha kupimia msongamano wa udongo ulioshindiliwa. Kila kifaa kina mmiliki, namba na leseni.

Kwa kazi hiyo, sheria ya 1982 ilitosha. Lakini mwenye eksirei akizima swichi, mionzi imekwisha. Kinu cha nyuklia hakizimiki hivyo. Baada ya kusimamishwa, mafuta yake huendelea kutoa joto, mwanzoni asilimia 6 au 7 ya joto la kawaida, na joto hilo lazima liondolewe kwa maji yanayosukumwa na pampu zinazohitaji umeme. Huko Fukushima, tetemeko lilikata umeme wa nje na mawimbi yakazamisha jenereta za akiba. Pampu zikanyamaza, na vinu vitatu vikayeyuka ndani.

Basi anayetoa leseni ya kinu hukagua mambo ambayo ofisa wa eksirei hakuwahi kuulizwa: matetemeko ya karne zilizopita, kina cha mafuriko, uimara wa gridi ya taifa, fedha za kukibomoa kinu baada ya miaka 60, na mahali pa kuweka taka ambazo zitabaki hatari maelfu ya miaka. Swali la gridi halikuwa la nadharia kwa Kenya. Agosti 25, 2023, nchi karibu nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta.

Kesi ya nyani, hakimu ngedere

Nchi zilizotangulia zilijifunza somo la udhibiti kwa uchungu. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1954, ilimpa mtu mmoja kofia mbili: Tume ya Nguvu za Atomiki iliyapigia debe makampuni yajenge vinu, na tume hiyohiyo ikavipa leseni. Waswahili wangesema kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere. Malalamiko yaliongezeka hadi Bunge la nchi hiyo likaigawa tume hiyo kwa sheria ya mwaka 1974, na Januari 1975 Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ikaanza kazi ikiwa na jukumu moja tu, usalama. Hata hivyo, miaka 4 baadaye kinu cha Three Mile Island kiliyeyuka kwa sehemu, na mdhibiti mpya akagundua kwamba alikuwa amekagua vyuma kwa makini kuliko alivyowakagua watu wanaoviendesha.

Japani ilichelewa zaidi. Mwaka 2011 shirika lake la usalama wa nyuklia bado lilikaa ndani ya wizara ileile ya uchumi na viwanda iliyokuwa ikiitangaza nyuklia. Mdhibiti huru alianza kazi Septemba 2012, baada ya maelfu ya familia kuhamishwa makwao. Baina ya mageuzi ya Marekani na ya Japani ulikuja Mkataba wa Usalama wa Nyuklia wa 1994, ulioandikwa kwa kumbukumbu ya ajali ya kinu cha Chernobyl. Unazitaka nchi wanachama kutenganisha kazi ya kudhibiti na ile ya kuendeleza.

Afrika nayo ina mafunzo yake, na la kwanza limo miongoni mwa majirani wa Waswahili. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, ilitumika katika mradi wa bomu la kwanza la Marekani. Mwaka 1959, kabla ya uhuru, kinu kidogo cha utafiti kilianza kazi katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Leopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa. Kilikuwa cha kwanza barani. Wabelgiji waliondoka, misukosuko ikaja, kinu kikabaki. Baadaye fito mbili za mafuta zilitoweka, na moja ikakamatwa Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu. Kinu kilikuwepo bila mlinzi mwenye nguvu za kutosha kukilinda.

Afrika Kusini, nchi pekee barani yenye kituo kikubwa cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi, iliwasha Koeberg mwaka 1984 na kumpa mdhibiti wake sheria mpya mwaka 1999. Julai 2024 mdhibiti huyo aliongeza miaka 20 kwenye leseni ya kinu cha kwanza, baada ya mashine kubwa za kuzalisha mvuke kubadilishwa. Hapo leseni imeonyesha ilivyo: hutolewa, hupitiwa, huongezwa muda, na huweza kukataliwa.

Kenya yajenga mlango

Mwaka 2012 kamati ya nyuklia ya Kenya iligeuzwa Bodi ya Umeme wa Nyuklia. Agosti 2015 wataalamu wa IAEA walifika kuipima nchi kwa mizani ya masuala 19, kuanzia msimamo wa serikali, sheria na udhibiti hadi gridi, wataalamu na taka. Waliacha mapendekezo, na mengi yaligusa sheria.

Mwaka 2019 ndio uliobadilisha mambo. Sheria ya Kawi iliigeuza bodi kuwa Wakala wa Nguvu za Nyuklia na Kawi, NuPEA, mwenye mradi. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikapita Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia, Namba 29 ya 2019, iliyofuta ile ya 1982. Mapema 2020 ikazaliwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, KNRA. Mdhibiti alitoka Wizara ya Afya akaingia upande wa usalama wa ndani, si wizara ya kawi inayosimamia NuPEA. Alirithi eksirei zote, vipimo vya viwandani na kituo cha taka za mionzi cha Oloolua, karibu na Ngong. Sheria mpya ilimwongezea kazi ambayo hakuna Mkenya aliyewahi kuifanya: kutoa kibali cha eneo, cha ujenzi, cha kuwasha na cha kufunga kinu. IAEA iliporudi Juni 2021, ilikuta hatua kadhaa zimepigwa.

Majirani walichagua njia tofauti. Uganda ilipitisha Sheria ya Nguvu za Atomiki mwaka 2008 na kuunda Baraza la Nguvu za Atomiki kama mdhibiti, huku mradi wa kinu wa Buyende ukibaki katika wizara ya kawi. Tanzania, kwa sheria ya 2003, iliipa Tume ya Nguvu za Atomiki kazi zote mbili, kudhibiti na kuhamasisha. Kwa nchi inayopima mionzi ya vyakula bandarini na kukagua hospitali, muungano huo haujaleta kishindo. Siku Tanzania itakapojenga kinu cha umeme, italazimika kulijibu swali lilelile ambalo Marekani ililijibu mwaka 1974.

Kinu kidogo, foleni ndefu

Kenya haina haja ya kubuni mtihani wake kutoka mwanzo. Umoja wa Falme za Kiarabu uliunda mdhibiti wake mwaka 2009, ukachagua kinu ambacho tayari kilikuwa kimepita kwa mdhibiti wa Korea Kusini, kisha ukakagua hasa kile kilichobadilika kwa sababu ya joto la Ghuba, mchanga na maji ya bahari yenye uvuguvugu. Kituo chake cha Barakah kilianza kupeleka umeme kwenye gridi Agosti 2020.

Kinachoikwaza Kenya ni ukubwa wa nyumba inayotaka kuingiza kinu. Mapema 2025 kilele cha mahitaji ya umeme nchini kilikuwa karibu megawati 2,300, ilhali mpango ulikuwa wa kituo cha megawati 1,000. Wahandisi wa gridi hupendelea mtambo mmoja usizidi asilimia 10 hivi ya mfumo, kwa kuwa ukizimika ghafla huweza kuuvuta mfumo wote chini. Ndiyo maana vinu vidogo vinavyotengenezwa kiwandani na kusafirishwa vipandevipande vinasifiwa Nairobi.

Ila vinu hivyo ni vipya, na upya huchelewesha leseni. Kampuni ya NuScale ya Marekani iliwasilisha maombi mwishoni mwa 2016, muundo wake ukapata cheti kamili Januari 2023, na Novemba mwaka huo mradi wake wa kwanza huko Idaho ukafutwa kwa gharama kupanda. Julai 2024 Marekani ilitia saini sheria ya kumtaka mdhibiti aharakishe kazi na kupunguza ada. Mdhibiti mchanga wa Nairobi hana wahandisi wengi kama wale wa Marekani, na hawezi kukopa sahihi ya mwenzake. Anaweza kukopa mahesabu, maabara na wakaguzi. Akitia saini, dhamana ni yake.

Tena kuna mtu wa tatu mezani: mwananchi. Masinga lilijengwa kabla ya Kenya kuwa na sheria ya kutathmini athari kwa mazingira, iliyokuja mwaka 1999, na udongo wa mashamba ya juu uliingia bwawani kwa kasi iliyozidi makadirio ya wajenzi. Kinu cha nyuklia hakiwezi kujengwa hivyo. Katiba iliyotangazwa Agosti 27, 2010, miezi mitatu kabla ya kamati ya nyuklia kuundwa, inadai ushiriki wa wananchi. NuPEA ilipoichagua Uyombo, kijiji cha wavuvi Kilifi kilicho jirani na Watamu, Kijito cha Mida na Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenyeji walipeleka malalamiko kwa Seneti mwaka 2023. Walihofia bahari, samaki na watalii. Waliuliza pia jambo ambalo mdhibiti yeyote angeuliza: taka zitakwenda wapi?

Hawakupata jibu lililowaridhisha. Mei 2024 waandamanaji wa Uyombo walitawanywa na polisi, baadhi wakajeruhiwa. Mwaka uliofuata macho ya serikali yaligeukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria, bila ombi lolote la leseni ya kujenga kituo cha umeme kuwa limefika mezani kwa mdhibiti.

Mei hiyohiyo ya 2024, mamia kadhaa ya kilomita kutoka Uyombo, Masinga lilikuwa limejaa pomoni. Mvua za masika zilipita kiasi, maji yakafurika kutoka bwawani na kushuka na Tana, na familia za kandokando ya mto hadi Garissa na Tana River zikaamriwa kuhamia sehemu zilizoinuka.