Mtoro

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, ami yangu aliniita mtoro. Alisema wazi mbele ya watu, sebuleni kwetu Kisauni, chai ikiwa mezani. "Ukoo mzima tumechanga karo, kisha huyu mtoro anatuletea habari ya kuandika." Mimi nilinyamaza. Neno lenyewe nililizoea tangu shule ya msingi. Mtoro ni mwanafunzi anayekosa darasa, yule anayeruka ua kwenda kuogelea baharini.

Aliyenishtua ni nyanya. Nyanya haingilii mambo ya karo. Siku hiyo aliweka kikombe chini akamwambia ami, "Neno hilo usilitaje tena nyumba hii." Kisha akaingia jikoni, na hakuna aliyethubutu kumfuata kumuuliza.

Basi nikaenda kuuliza vitabu. Wakati nilikuwa nao, manake aliyeacha chuo ana wakati mwingi kuliko pesa.

Karne moja na nusu iliyopita, mtoro wa pwani yetu hakuwa mtoto wa shule. Alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake.

Sisi tukisikia utumwa, tunawaza majahazi, minyororo na mapango ya Shimoni, watu wanapitishwa tu kwenda mbali. Ni kweli wengi walipelekwa Unguja na Pemba kwenye mikarafuu, na wengine Uarabuni. Lakini wengi walibaki hapa hapa. Malindi ilikuwa mji uliokufa. Ikafufuka kuanzia miaka ya 1860 kwa mashamba ya mtama na ufuta, na waliolima walikuwa watumwa: Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wangindo, waliotekwa kusini na kupitishwa Kilwa. Mtama ukasafirishwa hadi Uarabuni. Wao wakabaki na jembe.

Watu hao walipangwa kwa ngazi, na ngazi zenyewe bado ziko mdomoni mwetu. Aliyewasili jana aliitwa mjinga, kwa kuwa hajui Kiswahili wala desturi za pwani. Aliyezaliwa hapa aliitwa mzalia, na mzalia alimcheka mjinga. Mtumwa wa nyumbani mjini alimdharau wa shamba. Aliyepelekwa mjini kubeba mizigo kwa ujira wa siku, kisha akagawana ujira huo na bwana wake, aliitwa kibarua, kwa sababu ya kijikaratasi alichopewa cha kuhesabia kazi. Juu ya wote alikaa mwungwana, yaani mtu aliyezaliwa si mtumwa.

Sasa sikiliza mtaani kwenu leo. Mjinga wewe. Mshamba huyu. Fanya uungwana kidogo, bwana. Mimi mwenyewe makala hizi naziandika kama kibarua, nalipwa kwa kipande. Hata uhuru, neno letu la bendera na la Disemba 12, mzizi wake ni huyo huyo. Huru alikuwa mtu ambaye si mtumwa. Waliofunguliwa waliitwa mahuru.

Na watoro? Hao hawakungoja kufunguliwa. Wengine walikimbilia Witu, kwa Sultani Ahmed aliyeitwa Simba, ambaye aliwapokea na kuwapa silaha. Wengine waliingia bara ya Kilifi, mahali panapoitwa Fuladoyo, ambapo Wakristo wachache wa Kigiriama waliwakaribisha mwishoni mwa miaka ya 1870. Mmoja wa viongozi wa hapo, David Koi, aliuawa mwaka wa 1883. Wengine wakaenda Rabai, kwenye misheni iliyoanzishwa na Krapf na Rebmann mwaka wa 1846.

Hapa lazima nirudi kwenye steji yetu. Kila mtu anayepanda matatu za Kisauni anaijua Kengeleni. Makanga wanaipigia kelele siku nzima, na kengele yenyewe bado ipo pale kando ya barabara ya kwenda Malindi. Ni kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na misheni ya Kianglikana mwaka wa 1875 na kupewa jina la Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Unguja kumshinikiza Sultani Barghash. Mwaka wa 1873 Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Waliopewa makao Frere Town ni watu ambao manowari za Uingereza ziliwakamata baharini, wakiwa bado ndani ya majahazi.

Lakini mtoro hakuwa na manowari. Bwana wake alikuwa jirani tu, Mombasa au Takaungu, na kumiliki mtumwa bado kulikuwa halali. Misheni iliogopa kugombana na mabwana, kwa hiyo watoro walitakiwa wasipokelewe. Rabai walipokelewa hata hivyo. Aliyekuwa akiisimamia, William Jones, alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akaokolewa baharini na kusomeshwa India. Nadhani hakuhitaji kuelezwa mtoro ni nani.

Mwaka wa 1888 mabwana walikuja juu, wakidai watu wao. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imepewa pwani iendeshe ikahesabu watoro waliokuwa kwenye misheni: zaidi ya 1,400. Ikawalipa mabwana fidia, na Januari 1889 watoro wakapewa vyeti vya uhuru.

Niliposoma hapo nilishangilia peke yangu. Kisha nikarudia sentensi. Waliolipwa ni mabwana.

Mwaka wa 1907 serikali ya kikoloni ilipofuta utumwa kisheria katika pwani ya Kenya, ilikuwa vivyo hivyo: fidia kwa mwenye mtumwa, na mtumwa apewe ruhusa ya kuondoka. Aondoke aende wapi? Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi. Kila anayedai ardhi ya pwani alete madai yake yasajiliwe, na isiyodaiwa iwe ya Serikali ya Mfalme. Waliokuwa na karatasi, wakili na jamaa ofisini walipata hati. Mahuru aliyelima kipande kile kile miaka ishirini hakuwa na karatasi. Mmijikenda aliyeachiwa ardhi na mababu zake hakuwa nayo pia. Ndipo tukaanza kuitwa maskwota.

Si kila skwota wa pwani ni mjukuu wa mtumwa, na wapo wajukuu wa watumwa wenye hati zao kabatini. Lakini njoo Kisauni uone kitu kinachoitwa nyumba bila ardhi. Ami yangu ni mmoja wao. Kuta ni zake, mabati ni yake, na kila mwezi hulipa kodi ya udongo ulio chini ya kitanda chake.

Nilipomaliza kusoma nilimwendea nyanya jikoni. Sikumuuliza juu ya watoro. Nilimwambia tu kwamba nimesoma habari za Rabai. Aliendelea kukuna nazi kwa muda.

"Nyanya yangu alikimbia na mtoto mgongoni," akasema. "Alifika Rabai usiku. Kwao ni wapi hakutuambia. Tukiuliza alisema kwao ni hapo alipofika."

"Mbona hukutuambia?"

"Ungeolewa na nani, mimi, watu wakijua? Ami yako angeoa wapi?" Akakung'uta mbuzi. "Ulipokwenda kuchukua kitambulisho walikuuliza kabila. Ulisema nini?"

Nilisema Mrabai. Ndivyo nilivyofunzwa kusema, na si uongo. Ila sasa najua kuna mwanamke aliyetembea usiku kucha ili mimi niweze kulijibu swali hilo kwa neno moja.

Simlinganishi na mimi. Mimi nilikimbia karo na mhadhara wa saa mbili asubuhi. Nyuma yangu hakukuwa na mtu mwenye bunduki. Lakini ami akiniita mtoro siku nyingine, sitainamisha kichwa.

Juzi nilimsomea ami haya niliyoandika. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu: "Hivyo vyeti vya Rabai, viliandikwa chochote kuhusu ardhi?"