Hela ya Jela: Kutoka Kodi ya Kichwa Mpaka "Ile Pesa Tuma Namba Hii", Mpanda Tumetoka Mbali

Wadau, kuna kitu familia nyingi zinakipitia ila hakiongelewi sebuleni: hela ya ndugu aliye ndani. Kaka kadakwa, simu inapigwa usiku, na kabla hujajua kosa lenyewe ni nini ushaulizwa, "We una shilingi ngapi?"

Msidhani haya yameanza na simu. Mjerumani alileta kodi ya nyumba mwaka 1898, na asiyekuwa na hela aliilipa kwa jasho. Mwingereza akaendelea na mchezo uleule: huna kodi, unapelekwa kazini. Hata baada ya uhuru wazee wetu wamekimbizana sana na mgambo kwa ajili ya kodi ya maendeleo, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Muulize babu yako, atakwambia ndugu walivyouza kuku na mbuzi ili mtu alale kwake. Yaani kuchangishana kumtoa mtu ni mila ya zamani kuliko kadi ya simu.

Sasa njoo Mpanda. Mji huu ulikuwa mwisho wa reli. Ile njia ya kutoka Kaliua, kama kilomita 210, ilijengwa kwa sababu ya madini ya risasi (ya kuchimba, siyo ya bunduki). Miaka hiyo kama unafanya kazi Tabora au Dar na mdogo wako kafungwa Mpanda, ulikuwa na njia mbili. Ya kwanza manioda ya Posta: unalipa huku, mama anapokea kule, wiki zinapita. Ya pili ni kumpa msafiri wa treni bahasha na kuomba Mungu. Ikifika, unashukuru. Isipofika, utamdai nani?

Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania. Hela ikaanza kufika kabla hata ya machozi kukauka. Raha, si ndiyo? Ila hapo ndipo na matapeli wakapata ajira.

Maana angalia: gerezani mfungwa hashiki hela mkononi wala simu. Aliyoingia nayo inaandikwa na kutunzwa mpaka siku yake ya kutoka. Kwa hiyo "hela ya jela" mara nyingi haiendi jela. Inakuwa nauli ya mama kutoka Mishamo kuja mjini kumwona mwanawe. Inakuwa ada na unga wa watoto aliowaacha. Kama bado ni mahabusu, yaani kesi haijaisha, inaweza kuwa chakula na nguo za kumpelekea kwa utaratibu wa gereza. Halafu kuna kubwa kuliko zote: faini.

Hapa naomba tuelewane vizuri. Hukumu nyingi husomwa "faini kadhaa, au kifungo miezi kadhaa". Mtu akikosa hela siku hiyo anaingia ndani, na nyumbani wanakata tamaa wakijua ndiyo basi. Siyo basi! Faini ikilipwa yote hata akiwa ameshaanza kutumikia, anatoka. Ikilipwa sehemu, kifungo nacho kinapungua kwa kadiri ya mlicholipa. Wapo vijana wanaomaliza miezi yote kwa sababu tu hakuna aliyeuliza, huku ndugu mjini wangeweza kukusanya hiyo hela kwenye kundi moja la WhatsApp.

Ila inalipwaje? Tangu mwaka 2017 malipo ya serikali yanapitia namba ya kumbukumbu ya malipo. Nenda mahakama iliyotoa hukumu, au uliza ofisi ya gereza, upewe hiyo namba, lipa, kisha dai stakabadhi. Na kwa waliokamatwa juzi: dhamana haiuzwi. Mdhamini anasaini na kuahidi; hiyo siyo hela ya kumtumia mtu kwenye simu yake.

Sasa ukipigiwa na sauti nzito, "Mimi ni afande, ndugu yako anaumwa sana, tuma laki haraka," shusha pumzi. Hakuna afande anayelipwa kwa namba binafsi. Usitume. Mpigie mtu wenu aliye Mpanda aende mwenyewe langoni aulize. Ikija kwa ujumbe, ile ya "ile pesa tuma kwenye namba hii", ipeleke 15040 halafu endelea na maisha yako.

Kinachoniuma ni kwamba bahasha ya treni ilikuwa inachelewa, ila angalau ilibebwa na mtu mnayemjua. Leo hela inafika kwa sekunde, na mara nyingine inafika kwa mwizi wakati mdogo wako bado anahesabu siku.

Kwenu mlishamchangia mtu akatoka? Au mlipigwa? Funguka hapo chini, usitaje jina la mtu. Kuna dada anasoma hapa sasa hivi na hajui aanzie wapi.