Reli ya Nanyuki: Kutoka Shehena za Walowezi Hadi Abiria wa Ijumaa

Reli ya Nanyuki huchepuka kutoka Nairobi kuelekea kaskazini, ikipita Ruiru, Thika, Makuyu, Maragua, Murang'a, Sagana, Karatina, Kiganjo na Naro Moru, na kuishia Nanyuki, mji ulio penye mstari wa Ikweta. Urefu wake ni karibu kilomita 240. Ni reli ya geji ya mita moja, sawa na reli kuu ya Mombasa iliyofika Nairobi mwaka 1899, nayo ndiyo njia pekee ya vyuma kuelekea Mlima Kenya. Baada ya kulala kwa miaka mingi bila treni ya abiria, ilifunguliwa tena mwezi wa Desemba 2020.

Ujenzi wake ulikwenda kwa vipande. Kipande cha Nairobi hadi Thika kilifunguliwa mwaka 1913, kikiwalenga wazungu wenye mashamba ya kahawa na mkonge. Vita Kuu ya Kwanza ikasimamisha kazi. Vita vilipoisha, serikali ya kikoloni iliwagawia askari wastaafu wa Kiingereza ardhi kubwa Laikipia na pembezoni mwa mlima, na walowezi hao hawakuchelewa kudai reli. Shamba la ngano au la ng'ombe wa maziwa, likiwa mwendo wa siku kadhaa wa mkokoteni wa maksai kutoka stesheni ya karibu, lilikuwa hasara tupu. Kufikia mwaka 1927 vyuma vilikuwa vimepita Kiganjo na kufika Naro Moru. Nanyuki ilifikiwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati ambapo bei za mazao duniani zilikuwa zimeporomoka.

Umbo la nchi ndilo lililoamua mengi. Nairobi iko mita 1,660 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka Thika reli huteremka hadi bonde la mto Sagana, ambako mwinuko haufiki sana juu ya mita 1,200, kisha huanza kupanda upya: Karatina ni zaidi ya mita 1,700, na Nanyuki ni zaidi ya mita 1,900. Treni iendayo kaskazini hupoteza kimo kilichopatikana na kulazimika kukitafuta tena mbele ya safari. Wajenzi walizungusha vyuma kando ya migongo ya vilima ili kupunguza ukali wa mwinuko, na kona hizo ndizo zinazofanya mwendo wa treni uwe wa taratibu hadi leo. Hakuna ukarabati wa mataruma na kokoto utakaoziondoa.

Umbo hilohilo la nchi liliinyima Nyeri stesheni ya mjini. Mji wa Nyeri, ulioanzishwa kama kituo cha utawala mwaka 1902, umekaa kati ya vilima na mabonde ya mito. Njia rahisi kwa reli ilikuwa kupita mashariki yake, katika uwanda wa Kiganjo, takriban kilomita 10 nje ya mji. Hivyo makao makuu ya eneo zima yakahudumiwa na stesheni ambayo mtu wa mjini hawezi kuiendea kwa miguu akiwa na mzigo. Kiganjo ilifaidika: chuo cha mafunzo ya polisi na kiwanda cha maziwa cha KCC vilikaa huko. Lakini kwa abiria, umbali huo ulikuwa kasoro tangu siku ya kwanza, nayo ni kasoro isiyotajwa vya kutosha kila mara reli hii inapozungumziwa.

Miji mingine ilizaliwa au kukua kwa sababu ya stesheni. Sagana ikawa mlango wa Kirinyaga na Embu. Nanyuki ikawa mlango wa Meru. Karatina ndiyo iliyotumia fursa hiyo kuliko zote. Wakulima wa Mathira, eneo linaloizunguka Karatina, walileta mahindi, maharagwe, viazi na magome ya miwati yaliyotumika viwandani kutengenezea ngozi, na wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka karibu na reli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilianzisha hapo kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya chakula cha wanajeshi. Maelfu ya wakulima walilima kwa ajili ya kiwanda hicho. Vita vilipokwisha kikafungwa, na ombi la wakulima la kuachiwa wakiendeshe wenyewe likakataliwa. Uchungu wa jambo hilo ulibaki Mathira, na ulichangia hasira iliyolipuka miaka michache baadaye.

Kwa upande wa abiria, treni za kikoloni zilikuwa na madaraja, na madaraja yalifuata rangi. Mwafrika alipanda daraja la tatu, kwenye mabenchi ya mbao, mara nyingi katika treni mchanganyiko iliyobeba watu na mizigo pamoja, ikisimama muda mrefu kila stesheni huku mabehewa yakiunganishwa na kukatwa. Nauli za mazao ya walowezi ziliwekwa chini ili kuwasaidia kuuza nje. Uganda ililalamika kwamba pamba yake iliyopita kwenye reli kuu ndiyo iliyofidia hasara za matawi kama haya. Malalamiko yalikuwa ya haki. Reli ya Nanyuki haikujengwa kwa ajili ya msafiri, na hesabu zake hazikupigwa kwa kumfikiria yeye.

Hata hivyo watu waliitumia. Vijana wa Nyeri na Murang'a walisafiri kwayo kwenda kutafuta kazi Nairobi, na wengine wakaajiriwa na reli yenyewe. Waruhiu Itote, mzaliwa wa Nyeri aliyepigana Burma katika jeshi la Uingereza, alirudi akafanya kazi ya kuchochea moto kwenye injini za reli kabla ya kuingia msituni na kuongoza wapiganaji wa Mau Mau wa Mlima Kenya kwa jina la Jenerali China. Alikamatwa Januari 1954. Miezi mitatu baadaye, katika Operesheni Anvil, msako wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa Nairobi. Reli ikatumika kuwapeleka wanaume kwenye kambi za Mackinnon Road na Manyani, nao wanawake na watoto wakarudishwa vijijini. Kwa kizazi hicho, kupanda treni hakukuwa starehe wala jambo la kukumbukwa kwa furaha peke yake.

Baada ya uhuru mwaka 1963, reli iliendelea kuwa chini ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya iliunda Shirika la Reli la Kenya mwaka uliofuata, likirithi injini zilizochakaa na madeni. Kufikia hapo mshindani alikuwa ameshajitokeza barabarani. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliweka sheria za kuzuia malori yasinyang'anye reli mizigo; Kenya huru ilifanya kinyume. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zifanye kazi bila leseni maalumu ya uchukuzi, na barabara ya lami kutoka Nairobi kupitia Thika na Sagana hadi Nyeri ikajaa magari. Matatu iliondoka ikijaa, ikamshusha abiria sokoni Nyeri wala si Kiganjo, na ilitumia sehemu ndogo ya muda wa treni. Treni ya abiria ikapungua, ikawa ya kusuasua, kisha ikakoma. Treni za mizigo nazo zikafuata.

Kampuni ya Rift Valley Railways ilikabidhiwa uendeshaji wa reli mwaka 2006 kwa mkataba wa miaka 25, lakini macho yake yalikuwa kwenye njia kuu ya Mombasa hadi Uganda. Mkataba ulivunjwa mwaka 2017. Katika kipindi hicho, upande wa kaskazini wa Thika ulikuwa umegeuka kichaka. Nyasi zilifunika mataruma, vyuma viling'olewa na kuuzwa kwa mafundi wa vyuma chakavu, maji ya mvua yakabomoa tuta katika sehemu kadhaa. Hifadhi ya reli mijini ikawa mahali pa vibanda, vioski na masoko. Jambo la kushangaza ni kwamba katika miaka hiyo bila treni, mugithi, ile ngoma ya watu kushikana mabega na kwenda kwa msururu kama mabehewa, ilikuwa ndiyo kwanza inatamba katika kumbi za muziki kote Kenya ya Kati.

Ukarabati ulianza mwaka 2020. Serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilitenga karibu shilingi bilioni 1.8, na kazi ikafanywa na Shirika la Reli kwa kushirikiana na wanajeshi na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Vichaka vilifyekwa, mataruma yaliyooza yakabadilishwa, kokoto zikamwagwa upya, madaraja na makalvati yakakaguliwa, majengo ya stesheni yakapakwa rangi. Vibanda vilivyokuwa juu ya hifadhi vilibomolewa. Kwa mchuuzi aliyekuwa ameuza mitumba mahali hapo kwa miaka kumi au zaidi, ufufuaji wa reli ulianza na kupoteza riziki. Ardhi ilikuwa ya reli kisheria, hilo halina ubishi. Lakini miji iliyoiachia reli ife kwa miaka mingi ilipaswa kuwatafutia wachuuzi nafasi kabla ya tingatinga kufika.

Treni ya mizigo ilitangulia, kisha mnamo Desemba 2020 ikaja ya abiria. Nauli ya Nairobi hadi Nanyuki iliwekwa shilingi 200, chini sana kuliko ya matatu. Treni ilipangiwa kuondoka Nairobi siku ya Ijumaa asubuhi na kurudi siku ya Jumapili. Wananchi walijitokeza kwenye stesheni kuilaki, wazee wakiwa na kumbukumbu zao na watoto wakiona treni kwa mara ya kwanza. Mabehewa yalijaa, hasa siku za kuelekea Krismasi.

Ratiba hiyo inaeleza huduma ni ya nani. Mtu wa Nairobi anayetaka kuuona mlima na kulala Nanyuki wikendi amehudumiwa vizuri. Mama wa Karatina anayepeleka kabichi na karoti Nairobi, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeko Nyeri, mgonjwa mwenye miadi ya kliniki, hao hawawezi kuishi kwa treni moja kwa wiki. Safari yenyewe huchukua takriban saa 7, ilhali barabarani ni saa 3 hadi 4. Mtu huvumilia mwendo wa pole ikiwa treni ipo kila siku na nauli ni nafuu. Hawezi kuivumilia ikiwa inabidi apange wiki yake yote kuifuata.

Mfano wa nje unasaidia hapa. Huko Scotland, reli iliyotoka Edinburgh kuelekea mpaka wa England ilifungwa mwaka 1969. Sehemu yake, yenye urefu wa karibu kilomita 50, ilijengwa upya na kufunguliwa Septemba 2015. Abiria walizidi milioni moja katika mwaka wa kwanza. Huko treni zilipangwa kila nusu saa kwa sehemu kubwa ya siku, kwa hiyo watu waliweza kuzitegemea kwenda kazini. Tanzania iko karibu zaidi na hali ya Nanyuki: treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejea Moshi Desemba 2019, wakati wa watu wa Kilimanjaro kurudi nyumbani kwa sikukuu, na ikafika Arusha Oktoba 2020 baada ya takriban miaka 30. Kenya yenyewe ilirudisha treni ya Kisumu Desemba 2021. Katika nchi zote mbili njia zilifufuliwa haraka na kwa gharama nafuu; mabehewa na injini za kuendesha safari za kila siku ndivyo vilivyokuwa haba.

Ushindani wa barabara nao haukusubiri. Mwaka uleule wa ukarabati, kazi ya kupanua barabara ya Kenol, Sagana hadi Marua kuwa ya njia mbili kila upande ilianza, kilomita 84 zinazokwenda sambamba na reli karibu safari yote. Fedha zake ni mara nyingi zaidi ya zile za reli. Katika hali hiyo treni haiwezi kushinda kwa kasi. Nafasi yake iko kwenye nauli, usalama na mizigo mizito, na pale Kiganjo, nafasi hiyo inategemea matatu zitakazopangwa kusubiri treni na kuwapeleka abiria Nyeri. Mpango wa aina hiyo hauhitaji chuma hata kipande kimoja. Unahitaji serikali ya kaunti na Shirika la Reli kukaa meza moja.

Mbele ya Nanyuki kuna mazungumzo ya miaka mingi kuhusu kufika Isiolo, ambayo katika mradi wa uchukuzi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2012, imepangwa kuwa njiapanda ya reli za kuelekea Ethiopia na Sudan Kusini. Umbali ni takriban kilomita 80 kwa barabara. Ugumu uko kwenye kimo: kutoka Nanyuki nchi hupanda hadi nyanda za Timau, zaidi ya mita 2,400, kisha huporomoka hadi Isiolo iliyo karibu mita 1,100. Reli itakayoteremka huko italazimika kuzunguka mbali kutafuta mteremko mpole au kuchimbiwa njia ndani ya mlima, na katika uamuzi huo ndipo itakapojulikana kama wakulima wa Timau na Meru watapata stesheni karibu na mashamba yao au wataiona treni ikipita mbali.