Mgongo Wazi: Mabaki ya Kiwanda Yaliyogeuka Chakula

Leo tuzungumze juu ya sehemu ya samaki ambayo wengi wetu hapa Chaka tungemtupia paka: kichwa na mifupa.

Sisi Wakikuyu wa mlimani hatukulelewa na samaki. Wazee wetu hawakumla, hata baada ya Wazungu kuleta trauti katika mito ya Nyandarua mwaka 1905. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha uchunguzi uliolinganisha Wamaasai na Wakikuyu. Walisema chakula chetu cha nafaka na viazi kilipungukiwa na kalsiamu, madini yanayojenga mifupa na meno.

Huko Ulaya watoto wengi wa mijini walikuwa na matege. Mafuta ya ini la samaki yalikuwapo zamani, lakini mengi yalitumika kwa taa na kulainisha ngozi. Mwaka 1919 daktari Mwingereza, Edward Mellanby, alionyesha kwa watoto wa mbwa kwamba mafuta hayo yanazuia matege. Baadaye ikajulikana kuwa yana vitamini D, ileile ambayo ngozi ya mtoto hujitengenezea akiota jua.

Turudi Kenya. Mbuta alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa. Viwanda vikajengwa Kisumu kukata minofu ya kuuza ng'ambo. Sasa hesabu, mama: minofu haifiki nusu ya samaki. Kichwa, uti wa mgongo, ngozi na mafuta vilibaki. Akina mama wa Kisumu, hasa mtaa wa Obunga, wakanunua mifupa hiyo, wakaianika juani na kuikaanga kwa mafuta ya mbuta huyohuyo. Wakaiita mgongo wazi. Jina lenyewe linauma kidogo: nyama imepanda ndege, jirani wa ziwa amebaki na mgongo. Lakini nyama iliyoshikilia kichwani na ubavuni ni protini halisi, na aliyeshindwa kununua samaki mzima aliweza kuinunua.

Kisha hata hiyo ikagombaniwa. Viwanda vya chakula cha mifugo vilianza kununua mifupa na omena wasagiwe kuku, na mwaka 1997 watafiti Richard Abila na Eirik Jansen wakaandika kuhusu hatari hiyo kwa mlo wa maskini. Huenda gunia la chakula cha kuku ulilowahi kununua lilikuwa na sahani ya mtoto wa mtu.

Ukipika kichwa cha samaki, usidhani supu imebeba kalsiamu yote. Nyingi hubaki ndani ya mfupa. Ndiyo maana omena, anayeliwa na mifupa yake, ni bora kwa mtoto. Chagua waliokauka vizuri, wasio na mchanga wala ukungu. Wachambue, waoshe, wakaushe tena, kisha watwange na uchekeche unga. Mtoto aliyetimiza miezi 6 mtilie kijiko kimoja cha chai katika uji unapochemka, huku ukiendelea kumnyonyesha. Mafuta ya ini la samaki ya dukani usimpe kabla ya kumwuliza muuguzi, kwa kuwa kliniki humpa vitamini A kila miezi 6, na ikizidi humdhuru.