Kumbukumbu ya wazalendo Weusi Marekani: Idhini iliyoongezwa hadi ikakoma

Bunge la Marekani liliidhinisha mwaka 1986 ujenzi wa kumbukumbu ya Taifa ya wazalendo Weusi waliopigania uhuru wa nchi hiyo dhidi ya Uingereza kati ya mwaka 1775 na 1783. Inakadiriwa kuwa wanajeshi na mabaharia Weusi wapatao 5,000, watumwa na walio huru, walipigana upande wa makoloni. Wapo waliorudishwa utumwani baada ya vita.

Idhini hiyo haikuambatana na fedha. Taasisi iliyopewa jukumu hilo ilitakiwa kukusanya michango ya watu binafsi, na sheria ya kumbukumbu za mji mkuu ya mwaka huohuo iliweka ukomo wa miaka mitano kabla ujenzi haujaanza. Mwaka 1988 mradi ulikubaliwa kuwekwa Constitution Gardens, Washington, mahali pa heshima kubwa, lakini michango ilisuasua.

Bunge likalazimika kuongeza muda mara kadhaa. Mwaka 1998 ilitolewa sarafu ya fedha ya dola moja yenye sura ya Crispus Attucks, aliyeuawa kwa risasi za askari wa Uingereza mjini Boston mwaka 1770, ili mauzo yake yasaidie ujenzi. Hata hayo hayakutosha. Oktoba 2005 idhini ilikoma bila mnara kusimama.

Januari 2013 Rais Barack Obama alitia saini sheria iliyompa mwombaji mwingine idhini mpya, kwa masharti yaleyale ya kujitafutia fedha.