Kuku Aliyekufa Kibudu

Kuku aliyekufa kibudu, yaani aliyekata roho bila kuchinjwa, hafai kuliwa. Uislamu umemharamisha, Torati nayo inakataza nyamafu, na maafisa mifugo husema vivyo hivyo kwa sababu zao. Lakini mfugaji aliyeamka akakuta majogoo watatu wamelala chali bandani hana shauri jepesi. Kuku wale ni daftari za watoto na kitoweo cha mgeni. Akiuliza, "Tukimchemsha sana je?", anastahili kujibiwa kwa hoja, si kwa kukemewa.

Kwanza, kuku hafi bure. Vijijini muuaji mkubwa ni kideri, ambacho wengi Tanzania hukiita mdondo: kuku anahema kwa shida, anaharisha kijani, shingo inapinda, na baada ya siku chache banda limebaki tupu. Virusi vya kideri kwa binadamu kwa kawaida huleta macho mekundu tu, nao moto wa jikoni unaviua. Hapo ndipo ujasiri wa wengi ulipotoka: babu alikula, baba akala, hakuna aliyedhurika. Lakini kifo cha ghafla huletwa pia na kipindupindu cha kuku, mafua makali ya ndege, mbegu zilizopakwa kiuatilifu, au sumu ya panya iliyomwagwa stoo. Kwa kumtazama tu mzoga hakuna awezaye kuapa ni kipi kilichomuua. Sumu za namna hiyo huwezi kutegemea kuchemsha kuziondoa. Vilevile kuku aliyenyweshwa antibiotiki jana na kufa leo amebaki na dawa mwilini, maana hakumaliza zile siku za kusubiri zinazotajwa kwenye pakiti.

Pili, kuchinja kuna kazi yake. Moyo unapoendelea kupiga baada ya kisu, damu nyingi hutoka. Kuku aliyejifia hubaki nayo yote mwilini, na damu ni chakula kizuri cha bakteria. Utumbo nao haujatolewa. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, vijidudu vyake huanza kupenya kwenye nyama mapema. Kuku aliyekufa saa nane za usiku na kuonekana alfajiri amekwisha kulala na uchafu huo kwa saa kadhaa.

Sasa tuje kwenye sufuria. Moto ukifika nyuzi 74 za sentigredi katikati ya paja, salmonela hufa, na virusi vya mafua ya ndege havifiki hata huko. Hilo ni kweli na halina haja ya kufichwa. Ila bakteria wengine, kama stafilokoka, wakiachwa wakazaliana kwenye nyama huacha sumu ambayo hata maji yanayochemka hayaiharibu. Mlaji hutapika saa chache baadaye, ingawa nyama iliiva vizuri.

Zaidi ya yote, hatari kubwa huja kabla ya sufuria kuinjikwa. Mama ananyonyoa manyoya, anapasua, anatoa utumbo. Mtoto yuko pembeni akimsaidia. Kisu kilekile kinakata nyanya za kachumbari. Mafua ya ndege aina ya H5N1 yalipoingia kwa binadamu Hong Kong mwaka 1997, watu 18 waliugua na 6 wakafariki. Tangu 2003, karibu nusu ya wagonjwa walioripotiwa kwa Shirika la Afya Duniani wamekufa, na wengi waliwahi kushika kuku wagonjwa au waliokufa. Kwetu si hadithi ya mbali: Januari 2017 mafua makali ya ndege yalithibitishwa Uganda, kando ya Ziwa Victoria.

Mnunuzi naye ajilinde, kwa sababu wapo wanaomkata shingo kuku aliyekwisha kufa ili aonekane kachinjwa. Tazama jeraha: la kuku aliyechinjwa akiwa hai lina kingo zilizojikunja na kulowa damu, la mzoga ni kavu na limetulia. Ngozi ya kibudu huwa nyekundu au ya zambarau, hasa shingoni na ncha za mabawa, na tumbo likianza ukijani usiulize bei.

Kuku aliyegongwa na bodaboda akawahiwa kuchinjwa angali hai ni jambo jingine. Huyo alikuwa mzima. Anayesinzia kwa ugonjwa, hata akiwahiwa, bado ni mgonjwa.

Mzoga usitupwe jalalani wala mtoni. Mjulishe afisa mifugo, hasa wakifa wengi kwa mpigo, kwani mzoga wa asubuhi hiyo uliowekwa kwenye barafu unaweza kumwonyesha daktari chanzo. Mizoga mingine ifukie kwenye shimo refu au ichome, ukiwa umevaa glavu. Manyoya na utumbo vinavyotupwa uani ndivyo hupeleka kideri kwa jirani, na mzoga ulioachwa huzaa funza wenye sumu ya botulini. Kuku wazima wakiwadonoa, shingo zao hulegea na wao hufa. Kideri kina chanjo ya matone ya jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi michache, na inapaswa kutolewa kuku wakiwa bado wazima.